HARUFU SI UCHAFU: AKINA MAMA, ACHENI KUJIOSHA KWA NDANI



Kutoka Naguru, hapa Kampala, akina mama wengi huteremka kila asubuhi kwenda viwandani Nakawa. Wapo kati yao wanaoketi peke yao saa ya chakula, wakiona haya kwamba wenzao watasikia harufu. Jioni hujiosha kwa ndani kwa sabuni, wengine kwa ndimu au Dettol. Baada ya siku mbili harufu imerudi, tena imezidi. Makala hii ni yao, na ya waume zao pia.

Ugonjwa huu madaktari huuita vajinosisi ya bakteria. Si uchafu wala si uchawi. Ndani ya uke huishi bakteria wazuri, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa yakawa mtindi. Hao hutengeneza asidi, na asidi hiyo ndiyo ulinzi wa mwanamke. Wakipungua, bakteria wengine huzaana kupita kiasi. Hapo hutoka ute mwepesi, mweupe au wa kijivu, wenye harufu ya samaki, hasa baada ya tendo la ndoa. Wanawake wengi hawaoni dalili yoyote. Sabuni na Dettol huwaua walinzi hao pamoja na wageni, na ndiyo maana anayejiosha sana haponi. Uke hujisafisha wenyewe. Osha nje tu, kwa maji. Ssenga zetu wametufunza mengi mema, lakini yule anayemwambia binti atie majani ukeni anamponza.

Ute ukiwa mzito kama maziwa mgando na ukiwasha, huenda ni kuvu, na dawa yake ni nyingine. Ukisikia maumivu chini ya kitovu pamoja na homa, usingoje kesho.

Tusiuchukulie ugonjwa huu kama jambo dogo. Huweza kumfanya mjamzito ajifungue kabla ya wakati. Na huko Rakai, katika nchi yetu hii, watafiti walitangaza mwaka 1997 kwamba VVU vilionekana zaidi kwa wanawake ambao bakteria wao wa ukeni wamevurugika.

Matibabu yapo. Mara nyingi ni vidonge vya metronidazole, mara mbili kwa siku kwa siku 7. Tatizo ni desturi yetu ya kununua vidonge vinne dukani, kumeza viwili na kumgawia jirani vingine. Nenda upimwe, hospitali ya serikali ya Naguru au zahanati iliyo karibu, na umalize dozi. Vijana nao wasiogope: kituo cha afya ya vijana kilianzishwa Naguru mwaka 1994 kwa sababu hiyo hiyo ya haya.

Sasa waume. Bwana akisikia harufu huuliza, "Umetoka wapi?" Ndugu, mke asiyetoka nje ya ndoa naye huupata. Tena mwaka 2025 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mume akitibiwa pamoja na mkewe, ugonjwa hurudi kwa wanawake 35 hivi katika kila 100 ndani ya wiki 12. Mke akitibiwa peke yake, hurudi kwa 63. Basi fuatana naye kwa daktari badala ya kumgombeza.

Kuhusu ruhusa: Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi aliyetimiza mwezi mmoja kazini mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Mjulishe mwajiri na uchukue cheti cha daktari. Huna wajibu wa kumweleza nyapara, mbele ya watu, unaumwa wapi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo, inadai vyoo vya kutosha, vya wanawake mbali na vya wanaume. Palipo na choo kimoja kwa wote, iwe kiwandani au katika mashamba ya chai na miwa, mwarifuni katibu wa tawi. Kama katibu ni mwanamume na mnaona haya, mtumeni mama mmoja aseme kwa niaba yenu.