Kutoka Gari la Mizigo hadi Matatu: Mabadiliko ya Toyota Hiace katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Utangulizi

Msafiri anayevuka kwa feri hadi Likoni, akielekea Ukunda, Msambweni au Kwale, hupokewa na safu ya matatu za abiria 14. Nyingi kati ya hizo ni za aina moja, yaani Toyota Hiace. Makala haya yanafafanua jinsi gari hilo lilivyobadilika tangu lilipoanza kuundwa, na yanaonyesha kwamba nafasi anayoketi abiria wa Kwale ilipimwa kwanza na sheria za nchi nyingine, kwa ajili ya kazi nyingine.

Chimbuko na Matoleo

Toyota ilianza kuuza Hiace nchini Japani mwaka 1967. Toleo la pili lilitoka mwaka 1977, la tatu 1982, la nne 1989 na la tano 2004. Katika matoleo hayo yote injini ya bodi ya kawaida iliwekwa chini ya viti vya mbele. Sababu yake ni nyepesi kueleweka: gari lisilo na pua huacha karibu urefu wake wote utumike kwa mizigo.

Sababu ya pili ni ya kisheria. Nchini Japani, gari dogo la mizigo linalozidi urefu wa mita 4.7 au upana wa mita 1.7 huhamishiwa daraja la juu la usajili, na gharama za mwenyewe hupanda. Ndiyo maana bodi ya kawaida ya toleo la tano ina urefu wa milimita 4,695 na upana wa milimita 1,695. Imepungua kipimo cha sheria kwa milimita tano tu kila upande wa hesabu.

Kuingia katika Biashara ya Abiria

Matatu zilitangulia Hiace. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu kubeba abiria bila leseni maalumu ya usafiri wa umma, na enzi hizo abiria wengi walipanda pikapu zilizotiwa mabenchi. Baadaye nafasi hiyo ilichukuliwa na Nissan Caravan pamoja na Hiace. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka minane, gari linaloanza kuzeeka Japani ndilo huanza maisha mapya Likoni. Lililobeba vifaa vya fundi huko hufungwa viti na mafundi wa hapa, likabeba wachuuzi, wanafunzi na wagonjwa wanaokwenda hospitali ya Msambweni.

Kanuni zilizotolewa mwaka 2003 na Waziri wa Uchukuzi John Michuki, zikaanza kutekelezwa Februari 2004, zililazimisha mikanda ya usalama, mstari wa manjano ubavuni na kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Gari lililopakia abiria 18 likabaki na 14. Hata hivyo, kilichopungua ni idadi ya watu. Upana wa gari ulibaki uleule uliokusudiwa makasha.

Suala la Jina

Safari ya gari hili imeacha alama katika lugha. Neno matatu huelezwa kuwa lilitokana na nauli ya mapeni matatu ya senti kumi. Ingawa kiambishi ma- cha wingi kimo ndani yake, wasemaji husema "matatu hii" na "matatu hizi". Aidha, kwa miaka mingi Wakenya waliita kila matatu ya abiria 14 "nisani", hata ilipokuwa Hiace. Gari likatembea kwa jina la mshindani wake. Ukivuka mpaka wa Lunga Lunga na kuingia Tanzania, gari lilelile huitwa "haisi".

Hitimisho

Mwaka 2019 Toyota ilizindua toleo la sita, na injini ikawekwa mbele ya dereva, chini ya boneti fupi. Mabadiliko hayo yana maana kubwa kwa usalama. Gari lisilo na pua linapogongana ana kwa ana na jingine, dereva na abiria wa mbele hawana kinga ya kutosha mbele ya magoti yao. Lakini toleo hilo lilikusudiwa masoko ya nje, na Japani yenyewe iliendelea na bodi ya toleo la tano, kwa sababu zilezile za vipimo. Kwa hiyo anayeagiza gari lililotumika kutoka Japani huletewa umbo la zamani.

Mjadala kuhusu usalama wa matatu nchini umeelemea mwendo, mikanda na idadi ya viti. Mambo hayo ni ya lazima. Hata hivyo, abiria wa Ukunda anayeketi kando ya dereva ana haki ya kuona swali la nne likiulizwa: je, umbo la gari lenyewe lilibuniwa kwa kumfikiria yeye?