Kuwa "bize" si tiba: somo kutoka kwa wazee wa Los Angeles

Mzee akistaafu, akaanza kukaa kimya na kukosa raha, ushauri anaopewa huwa uleule: "Tafuta cha kufanya, usikae bure." Ni ushauri mzuri kuusikia. Lakini je, shughuli yoyote ile inatosha kulinda afya ya akili? Swali hili limeshapimwa, na jibu lake linamhusu kila anayetunza mzazi nyumbani.

Kuna fani inayoitwa tiba kwa vitendo. Mtaalamu wake haanzi na dawa, anaanza na siku yako: unaamka saa ngapi, unafanya nini, kipi umeacha na kwa nini. Kisha mnatafuta pamoja namna ya kurudisha yale yenye maana kwako.

Miaka ya 1990, Florence Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, waliwashirikisha wazee 361 wa Los Angeles, wenye miaka 60 na kuendelea, waliokuwa wakijitegemea. Waliwagawa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. La kwanza lilikutana na wataalamu wa tiba kwa vitendo kila wiki kwa miezi 9. La pili nalo lilikutana kila wiki, ila kwa michezo, filamu, kazi za mikono na matembezi tu, bila mtaalamu. La tatu halikupewa chochote.

Kundi la pili ndilo ufunguo. Bila hilo, mtu angesema wazee walichangamka kwa sababu tu walipata wa kupiga nao soga.

Matokeo yalitoka mwaka 1997 katika jarida la JAMA. Kundi la kwanza liliwazidi wengine katika vipimo vingi, ikiwemo afya ya akili na kushirikiana na watu. Na kundi la michezo? Halikupata nafuu ya maana kulizidi lile lililoachwa hivihivi! Miezi 6 baada ya vipindi kwisha, karibu asilimia 90 ya faida ya kundi la kwanza ilikuwa bado ipo.

Tofauti ni kwamba kundi la kwanza halikupewa shughuli tu, lilijifunza kuzichagua na kuondoa vikwazo. Tuseme bibi ameacha kwenda kanisani. Kumpa vitambaa afume hakugusi tatizo. Mtaalamu atauliza: ni magoti, nauli, au hofu ya kuanguka njiani? Kila jibu lina suluhisho lake.

Tusiuvishe utafiti huu kofia isiyoutosha, maana wazee hawa hawakuwa wagonjwa wa wodini. Hautuambii kwamba njia hii inatibu sonona kali, na dawa na ushauri nasaha vina nafasi yake. Ila unaonyesha kwamba ratiba iliyojaa si lazima iwe siku yenye maana. Kabla hujamtafutia baba kitu cha kumshughulisha, muulize kwanza alipenda kufanya nini, na sasa kinamzuia nini.