Mbavu za Gita: Siri ya Sauti Yake

Ukipewa gita mkononi, utatazama nini? Utatazama nyuzi zake sita, na jinsi mbao zake zinavyong'aa. Lakini kitu kinacholipa gita sauti nzuri au mbaya hukioni. Kimo ndani, gizani, nyuma ya ule ubao wa mbele wenye tundu. Washa tochi uchungulie: utaona vijiti vyembamba vya mti vilivyoshikizwa kwa gundi. Hizo ndizo mbavu za gita.

Kwa nini ziwepo? Ubao wa mbele ni mwembamba sana, unene wake kiasi cha milimita 3 tu. Nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa jumla kama kilo 70, yaani uzito wa mtu mzima. Bila mbavu, ubao ungevimba na kupasuka. Lakini ubao huo huo ndio unaotetemeka na kutoa sauti. Ukiubana kwa mbavu nene, umeufunga kinywa. Basi kazi ya fundi ni ngumu: mbavu ziwe na nguvu za kutosha kushika, tena ziwe nyepesi ili ubao upate kutetemeka.

Hapo kale mafundi wengi wa Ulaya walizipanga mbavu kwa kukingama, kama vipawa vya ngazi. Huko Uhispania alikuwako seremala mmoja, Antonio de Torres, aliyezaliwa mwaka 1817. Yeye alizieneza mbavu saba mfano wa vidole vilivyotanuliwa. Hakuwa wa kwanza kufanya hivyo, lakini aliwapita waliomtangulia. Mwaka 1862 alitengeneza gita la ajabu: ubao wa mbele ni mti, bali mgongo na pande zake ni karatasi nene! Hivyo alionyesha kwamba sauti hutoka hasa katika ubao wa mbele na mbavu zake. Gita hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona.

Fundi wa pili ni Mjerumani, Christian Frederick Martin. Mwaka 1833 alihamia New York, Marekani, na baadaye akaenda kukaa Nazareth, katika jimbo la Pennsylvania. Katika miaka ya 1840 magita yake yalianza kuwa na mbavu mbili kubwa zinazokatana kama msalaba wa Mtakatifu Andrea, yaani kama herufi X. Siku zile nyuzi zilikuwa za utumbo wa wanyama, nazo hazivuti sana. Nyuzi za chuma zilipoenea katika miaka ya 1920, faida ya msalaba ule ilionekana wazi, maana huyatawanya mavuto ya nyuzi katika ubao.

Mafundi wa kiwanda cha Martin walizichonga mbavu hizo zikawa na mabonde, ili zipungue uzito. Sauti ikawa nzito na ya kujaa. Lakini wapigaji wakapenda nyuzi nene zaidi, na mbao nyingine zikaanza kuvimba. Mwishoni mwa mwaka 1944 kiwanda kikaacha kuchonga mabonde. Magita yakawa imara zaidi, ila ule utamu wa zamani ukapungua. Ndiyo sababu magita ya kabla ya hapo hutafutwa kwa bei kubwa mno. Na mwaka 1976 kiwanda chenyewe kikayarudisha mabonde katika gita jipya.

Basi, msomaji, kama lipo gita la zamani nyumbani kwako, shika mambo matatu. Kwanza, lililotengenezwa kwa nyuzi za utumbo au za nailoni usilitie nyuzi za chuma. Mbavu zake hazikuumbwa kwa mzigo huo. Pili, uligongapo polepole kwa kidole likatoa mlio wa kukereza, huenda ubavu umebanduka. Urudishwe ule ule kwa gundi ya mbao, si kwa misumari wala kwa kipande kinene. Tatu, ubao ukianza kuvimba, legeza nyuzi mara moja, ndipo utafute fundi.

Na fundi huyo mchague vema. Asiyejua huongeza mti ndani ili chombo kisivunjike. Kweli hakitavunjika, lakini hakitaimba tena.