Andika Kabla Zege Halijakauka

Parokia nyingi siku hizi hutengeneza zenyewe linta, slabu za vyoo na pete za visima. Ni jambo la kupongezwa, kwani gharama hupungua. Lakini vitu hivi vikishapangwa uwanjani vyote hufanana. Ipi imemwagwa juzi? Upande upi ni wa juu?

Swali hili si dogo. Zege hupata nguvu polepole. Likimwagiliwa maji vizuri, baada ya siku 7 huwa na takribani theluthi mbili ya nguvu litakayokuwa nayo siku ya 28. Slabu ikiwekwa juu ya shimo kabla ya wakati, inaweza kuvunjika mtu akiwa juu yake. Linta nayo hulazwa nondo upande wa chini, kwa sababu upande huo ndio unaovutwa na uzito wa ukuta, na zege lenyewe ni dhaifu likivutwa. Fundi akiigeuza, nondo hubaki juu zisikosaidia, wala hakuna atakayeliona kosa hilo.

Je, tutumie alama gani? Karatasi ya gundi hubanduka kwa unyevu na vumbi. Chaki huoshwa na maji ya kumwagilia. Rangi ya mafuta huharibiwa na ukali wa saruji mbichi. Hata kibati cha alumini huliwa na saruji hiyo.

Alama inayodumu haihitaji fedha. Zege likianza kushika, fundi achukue msumari na kuandika tarehe, namba ya mchanganyiko wa siku hiyo na neno JUU. Herufi zisiende ndani zaidi ya milimita 3, ili zisizikaribie nondo. Kwa vile vilivyokwisha kukauka, sugua vumbi kwa brashi, kisha andika kwa rangi ya maji inayofaa kuta za nje.

Namba hizo ziingizwe pia kwenye daftari, pamoja na idadi ya mifuko ya saruji na jina la msimamizi. Slabu moja ikipasuka, kamati itajua zipi nyingine zilitoka katika mchanganyiko ule ule, nayo itazikagua kabla ya mtu kuumia. Mfadhili akitembelea mradi, ataweza kulinganisha daftari na zege lenyewe.

Msumari mmoja unatosha. Tuanze na kazi inayofuata.