Mguu Uliovunjika Usivutwe

Mchumaji wa miraa akianguka kutoka mtini huko Igembe, au abiria wa bodaboda akiumia katika barabara ya Embu kuelekea Meru, wanaomfikia kwanza ni majirani na wapita njia. Wanachofanya kinaweza kuuokoa mguu au kuupoteza.

Mfupa uliovunjika huwa na ncha kali. Ukivutwa au kukandwa, ncha hizo zinaweza kukata mshipa wa damu. Ukifungwa kwa kubana sana, uvimbe hukosa nafasi, damu haipiti, na nyama huanza kufa baada ya saa chache. Dalili ni maumivu yanayozidi, ganzi, na vidole baridi au vilivyobadilika rangi. Legezeni kitambaa mara moja.

Wakazi wanashauriwa kufunika kidonda kwa kitambaa safi na kuufunga mguu kwenye ubao jinsi ulivyo, bila kuunyoosha. Aliyeanguka kutoka juu asikalishwe kwenye pikipiki, kwani huenda uti wa mgongo umeumia; abebwe akiwa amelala, amenyooka. Afikishwe haraka katika hospitali yenye eksirei, kama vile ya Rufaa ya Meru au Embu Level 5.