Usimuulize Mtazamaji Kama Kichupa Kimempendeza

Mwanafunzi wa sanaa anapomaliza kuhariri kichupa chake cha kwanza, yaani video ya wimbo, jambo la haraka analofanya ni kukirusha kwenye kundi la WhatsApp la darasa na kuuliza, "Mnakionaje?" Majibu hayachelewi: moto, hatari sana, umeua, na mioyo myekundu kadhaa. Anafurahi, anakipandisha YouTube, na kasoro zilizokuwamo zinabaki zilivyo. Wa kulaumiwa hapo si wenzake waliomsifu. Swali lake ndilo halikuwapa nafasi ya kusema jambo la maana. Mtazamaji ni shahidi mzuri wa mambo matatu: alichokiona, alichokihisi, na mahali alipopotea au kuchoka. Kuhusu sababu ya hali hiyo ushahidi wake ni dhaifu, na ushauri wake kuhusu namna ya kuirekebisha huwa dhaifu zaidi. Mwanafunzi anayeyatenganisha mambo haya hupata mrejesho unaoijenga kazi yake. Asiyeyatenganisha huishia kusifiwa bure, au kuyumbishwa na kila anayefungua mdomo.

Kwa nini mtengenezaji asijikague mwenyewe? Mwaka 1990, Elizabeth Newton wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwaomba watu wagonge mezani kwa vidole midundo ya nyimbo zinazofahamika sana, na wengine wasikilize na kuzitambua. Wagongaji walikadiria kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120, zilitambuliwa 3 tu. Mgongaji alikuwa akiusikia wimbo mzima kichwani mwake, sauti na ala zake. Msikilizaji alisikia meza ikigongwa. Mwanafunzi aliyeandika hadithi, akashuti na kuhariri yumo katika hali hiyo hiyo. Yeye anajua kwamba msichana wa ubeti wa kwanza na yule wa ubeti wa pili ni dada na mdogo wake, na kwamba safari ya basi inatokea miaka miwili baadaye. Mtazamaji anaona wasichana wawili waliovaa vitenge vinavyofanana, kisha basi. Kichupa huzidisha ugumu huo kwa sababu kwa kawaida hakina mazungumzo, picha zake hubadilika kila baada ya sekunde chache, na maneno ya wimbo nayo yanadai usikivu uleule. Kinyozi hajinyoi; mhariri aliyeirudia picha moja mara nyingi hawezi tena kuiona kama anayeiona kwa mara ya kwanza.

Ikiwa jicho la mtu mwingine ni la lazima, mbona tusimwamini pia anapotueleza kilichoharibika? Jibu linapatikana katika utafiti wa wanasaikolojia Richard Nisbett na Timothy Wilson uliochapishwa mwaka 1977. Katika jaribio mojawapo, wapita njia dukani waliwekewa pea nne za soksi ndefu za nailoni, zimepangwa kwa safu, wakaombwa wachague iliyo bora. Pea zote zilikuwa sawa kabisa. Ile ya mwisho upande wa kulia ndiyo iliyochaguliwa zaidi, lakini watu walipoulizwa sababu, hakuna aliyetaja mahali ilipokaa. Hawakuwa waongo. Binadamu anahisi jambo kwanza, kisha akiulizwa sababu anatunga inayoelekea kuwa kweli, naye mwenyewe anaiamini.

Hali hiyo huonekana waziwazi katika kosa linalowasumbua sana wanaoanza: midomo ya mwimbaji kutoendana na sauti. Miongozo ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, inaonyesha kwamba watu huanza kugundua tofauti pale sauti inapotangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, au inapochelewa kwa milisekunde 125 hivi. Katika video ya fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40. Kwa hiyo sauti ikitangulia kwa fremu mbili tu, kosa linatosha kuhisiwa. Hata hivyo mtazamaji wa kawaida hatasema kwamba sauti imetangulia. Atasema mwimbaji hana hisia, au ubeti wa pili umepoa. Mwanafunzi anayeyafuata maneno hayo yalivyo atamwita mwimbaji upya, atakodi kamera na kulipa nauli za watu wote, kisha atarudi na kosa lilelile. Anayezingatia kwamba watazamaji watatu walilegea mahali pamoja atarudi kwenye meza ya uhariri na kukagua. Huenda akagundua kwamba simu ilirekodi kwa kasi ya fremu inayobadilikabadilika, na picha ikawa inaachana na sauti kidogo kidogo. Watazamaji walipatia mahali. Sababu ilihitaji mtu anayeijua kazi.

Kutokana na hayo, utaratibu unajipanga wenyewe. Kichupa kionyeshwe kikiwa rasimu, kabla ya kusahihisha rangi na kuweka madoido, kwa sababu kazi iliyokwisha kung'arishwa humfanya mwenyewe aone uchungu kuigusa. Waalikwe watu ambao hawakushiriki kukitengeneza na hawajasimuliwa hadithi yake. Kila mmoja atazame peke yake, kwenye simu ikiwa ndiko kitakakotazamwa, bila maelezo ya utangulizi. Mwanafunzi akae kimya, aandike sekunde ambayo mtazamaji alicheka, alikunja uso au aliangalia pembeni. Baada ya hapo aulize: nisimulie ulichokiona, ni wapi ulichanganyikiwa au kuchoka, ni picha gani imebaki kichwani? Ushauri wa nini kibadilishwe usubiri mwisho. Liz Lerman, msanii wa dansi wa Marekani, aliyebuni mwaka 1990 utaratibu wa kukosoa kazi za sanaa unaotumika hadi leo, aliweka maoni ya kibinafsi katika hatua ya mwisho, tena kwa ruhusa ya msanii. Neno la mtu mmoja liandikwe tu. Watu kadhaa ambao hawakusikilizana wakitaja sekunde ileile, hapo pana tatizo. Rasimu ikisharekebishwa, ipelekwe kwa macho mapya, maana wale wa kwanza tayari wanaijua hadithi.

Wapo watakaosema kwamba sanaa haipigiwi kura, na kwamba kuwasikiliza watu wengi huua ubunifu. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 1982 filamu ya Blade Runner ya Ridley Scott ilionyeshwa kwa majaribio Denver na Dallas, na baadhi ya watazamaji wakalalamika kwamba hawaielewi. Filamu ilipotoka ilikuwa na sauti ya msimulizi na mwisho wa furaha. Toleo la mwaka 1992 liliondoa vyote viwili, na lile ambalo Scott alilisimamia mwenyewe mwaka 2007 halikuvirudisha. Lakini tuangalie kosa lilikuwa wapi. Kusema "sielewi" ilikuwa taarifa ya kweli. Kilichoharibu ni dawa iliyochaguliwa. Isitoshe, msanii ana haki ya kuamua kwamba fumbo fulani libaki fumbo. Mrejesho humwezesha kuamua hivyo kwa kujua, badala ya kudhani kwamba wote wameelewa.

Wengine watauliza: marafiki watano wana uzito gani? Wakitumiwa kupima umaarufu, hawana. Mwanafunzi anayeandika kwenye ripoti yake kwamba asilimia 80 ya watazamaji walikipenda kichupa, ilhali aliuliza watu watano, hajasema kitu. Ila kutafuta kasoro si kupima umaarufu: wakipotea watatu kati ya watano mahali pamoja, hakuna haja ya kuuliza mia. Kuhusu urafiki, ni kweli kwamba kwetu ni vigumu kumkosoa mtu usoni, hasa kijana mbele ya aliyemzidi umri. Ndiyo sababu kuombwa kusimulia kunafaa kuliko kuombwa kuhukumu. Anayesimulia hadithi tofauti na iliyokusudiwa ametoa ukosoaji mzito bila kumvunjia mtu heshima. Na anayetaka kungojea takwimu za YouTube akumbuke kwamba mchoro wa utazamaji huonyesha watu walipoondoka, hauelezi kwa nini; tena video ikishapandishwa, huwezi kuweka nyingine mahali pake kwenye anwani ileile.

Walimu nao wana wajibu. Uingereza, kwa miaka kadhaa, wanafunzi wa masomo ya habari wa ngazi ya A-level walitakiwa kueleza walichojifunza kutokana na mrejesho wa watazamaji wa kazi yao. Sharti hilo ni zuri, lakini likiwekwa mwisho huzaa insha ya kujipongeza. Vyuo vyetu vya sanaa, kuanzia TaSUBa pale Bagamoyo, na shule zinazofundisha utengenezaji wa video, zidai rasimu mbili: ya kabla ya watazamaji na ya baada yao, pamoja na maelezo ya kila badiliko na ya kila ushauri uliokataliwa na sababu yake. Alama zitolewe kwa hukumu hiyo ya mwanafunzi. Mwanafunzi asiyefundishwa kumsikiliza mtazamaji akiwa chuoni atafundishwa na soko, na huko kila kosa analilipia kwa pesa yake na jina lake.