SAFARI YA SIKU MOJA KATIKA MAJANI YA KIBARA



Wengi wanawaza kwamba mbuga ya majani ni pahali patupu. Hata sisi tuliwaza vile, mpaka siku ile tulipotembea kwa miguu, toka asubui mpaka magaribi, juu ya mulima wa Kibara, ndani ya Parke ya Taifa ya Upemba iliyoanzishwa mwaka wa 1939. Pale Lusinga ni zaidi ya metre 1.700, baridi ya asubui inauma kweli.

Jambo la kwanza: nyama hawajionyeshi kwa mutu wa kelele. Tulipoimba hatukuona kitu. Tulipokaa kimya tuliona korongo wakubwa wenye shingo nyeupe ndani ya matope, halafu swala. Punda milia tuliona nyayo tu. Hao ndio wa mwisho katika inchi yetu yote ya Congo.

Jambo la pili: kule kuna miti inayoishi chini ya udongo. Unaona majani mafupi tu kama mboga, kumbe shina na matawi yako chini. Ndiyo sababu moto ukipita, inachipuka tena.

Saa sita mwenzetu moja akatoa kiberiti, alitaka kuchoma majani apate panya. Mulinzi akamushika mukono.

—Lakini Baba, si umesema inachipuka?

Tulicheka, lakini lilikuwa ulizo la kweli. Mulinzi akajibu hivi: moto wa mwezi wa tano, majani yakingali na maji, unapita mbio bila kuchoma sana. Moto wa mwezi wa tisa ni mukali. Unaua miti midogo na viota, unaingia hata ndani ya mushitu, ule musitu wa kando ya mito. Mushitu ukiungua haurudi upesi, na muto unabaki bila kivuli. Na mito ile inashuka kwenda Lufira na Lualaba, kwa maziwa ya Upemba, kule samaki wetu wanatoka. Wawindaji wao wanachoma kwa kusudi, kwani majani mapya yanaita swala.

Mwenzetu akarudisha kiberiti mufukoni. Lakini sisi wengine je? Mwezi wa tisa uliopita nani alichoma pori nyuma ya internat? Ni sisi.

Mungu alimupa Adamu bustani ailime, tena ailinde. Kulima tunajua. Tujifunze kulinda.